Tabo au pumzi ya asili: namna ya kuchagua, kukagua na kutunza gari la mwendo ukiwa Tanga

Chukua Toyota Mark II mbili za muundo wa JZX100, zimeegeshwa Chumbageni boneti zikiwa wazi. Zote zina injini ya 1JZ ya silinda sita, lita 2.5. Moja ni 1JZ-GE, inavuta hewa yenyewe. Nyingine ni 1JZ-GTE, ina tabo, kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini. Ya kwanza ilitoka kiwandani na nguvu farasi 200 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, torki (nguvu ya kuzungusha) Nm 255 kwenye mizunguko 4,000. Ya pili ina nguvu farasi 280, na torki yake ni Nm 378, tena kwenye mizunguko 2,400 tu. Ukubwa wa injini ni ule ule. Kilichozitenga ni pumzi.

Hiyo 280 usiichukulie kama kipimo cha mwisho. Kuanzia 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze gari lenye nguvu inayozidi hapo, ndiyo maana Skyline GT-R, Supra na Chaser zote zinasoma namba moja kwenye karatasi. Kwa magari ya Kijapani ya miaka hiyo, soma torki na mizunguko inakopatikana. Utajua mengi zaidi.

Kwanza, elewa injini inavyopumua

Gramu moja ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Kumwaga petroli ni rahisi, kazi ipo kwenye kupata hewa. Kwenye injini ya pumzi ya asili, pistoni ikishuka hewa inaingia kwa uzito wa anga peke yake, yaani karibu bar 1 pale Raskazone ufukweni. Mtengenezaji akitaka nguvu zaidi ana njia tatu: aongeze ukubwa wa injini, aizungushe haraka zaidi, au abane mchanganyiko zaidi kabla ya kuuwasha. Toyota Altezza RS200 imetumia njia mbili za mwisho. Injini yake ya 3S-GE ni lita 2.0, mgandamizo ni 11.5 kwa 1, na ile ya gia za mkono inatoa nguvu farasi 210 kwenye mizunguko 7,600. Hiyo ni nguvu farasi 105 kwa kila lita bila msaada wowote. Lakini torki yake ni Nm 216, na iko kwenye mizunguko 6,400. Asiyependa kuisikia injini ikilia juu kiasi hicho ataiona Altezza nzito, na gari halina kosa.

Tabo inafanya kazi kwa moshi. Moshi wa moto unaotoka injini unazungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti na jingine upande wa pili, na hilo la pili linashindilia hewa ndani. Mizunguko yake inapita 100,000 kwa dakika, na shafti inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Liweke akilini hilo la oili, kwa sababu tabo nyingi zinafia hapo.

Geji ya presha ya tabo ikisoma bar 0.7, maana yake ndani mna bar 1.7 ukijumlisha na ya anga. Kinadharia hewa imeongezeka kwa asilimia 70, ila haifiki hapo, kwa sababu hewa ikibanwa inapata joto. Hewa ya Tanga mchana wa nyuzi 32 ikibanwa hadi bar 0.7 na tabo ya kawaida inatoka ikiwa karibu nyuzi 100, na hewa moto ni nyepesi. Ndiyo sababu ya intakula: inarudisha hewa hiyo karibu na joto la nje kabla haijaingia silinda. Mgandamizo nao unapunguzwa kiwandani, kwa sababu hewa inaingia ikiwa imeshabanwa. 1JZ-GE ina 10.5 kwa 1, ndugu yake mwenye tabo ana 9.0.

Supachaja nayo inashindilia, ila inazungushwa kwa mkanda wa injini badala ya moshi. Haina kuchelewa, ukikanyaga imo, lakini inakula sehemu ya nguvu ya kranki kila wakati inapofanya kazi. Nyingi utakazokutana nazo ni za Mercedes zilizoandikwa Kompressor. Kwa hizo angalia mkanda, puli na sauti ya beringi. Joto la hewa iliyobanwa ni kama la tabo.

Wakubwa wa dunia wenyewe wamehamia kwenye tabo. Ferrari 458 Italia ilikuwa na lita 4.5 bila tabo, nguvu farasi 570 kwenye mizunguko 9,000. Mrithi wake wa 2015, 488 GTB, ana lita 3.9 na tabo mbili: nguvu farasi 670, na torki imepanda kutoka Nm 540 hadi 760. Porsche waliweka tabo kwenye 911 Carrera za kawaida mwaka huo huo, lakini GT3 wameiacha na pumzi yake ya asili, kwa sababu mnunuzi wake anataka mguu na injini viitikiane papo hapo.

Pili, pima barabara zako kabla ya pochi

Kutoka Tanga kwenda Segera vijiji vinafuatana, na kila kimoja kina kibao cha 50, na nyuma ya mwembe huwa kuna tochi ya polisi ya kupima mwendo. Mahali pa kuishika Altezza kwenye mizunguko 7,000 ni pachache mno. Unachotumia kweli ni kutoka 50 hadi 80 ukitaka kulipita lori la saruji linalotoka Pongwe, na hapo injini ya tabo yenye torki kwenye 2,400 inamaliza kazi bila kushusha gia mbili.

Nenda sasa Mombo, upande Lushoto. Ni kilomita 30 na ushei za kona, kutoka tambarare hadi takriban mita 1,400. Huko juu presha ya anga imeshuka kwa karibu asilimia 15. Ubaridi unarudisha kidogo, kwa sababu hewa ya nyuzi 18 ni nzito kuliko ya nyuzi 30, hivyo injini ya pumzi ya asili inapoteza kama asilimia 11 au 12 hivi. Nguvu farasi 200 za Tanga mjini zinakuwa kama 176 sokoni Lushoto. Tabo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuzunguka haraka zaidi. Lakini mlima huo huo ndio unaoipika: mwendo mdogo, mzigo mkubwa, upepo kidogo kwenye rejeta.

Kuna na suala la ushuru. Ushuru wa bidhaa kwa gari dogo unaangalia ukubwa wa injini, na unaongezeka ukivuka cc 1,000 kisha cc 2,000. Tabo haihesabiwi. Subaru ya cc 1,994 yenye tabo inakaa kundi moja na gari la lita 2.0 la kwenda sokoni, huku lita 2.5 isiyo na tabo ikipanda kundi la juu. Ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujalipa chochote Japani, na kumbuka umri wa gari nao unatozwa.

Ushauri wetu kwa pesa: ukinunua gari la tabo la mtumba, tenga fungu la pili pembeni, lisipungue robo ya bei ya gari. Kama fungu hilo halipo, nunua isiyo na tabo iliyo nzima na uwe na amani. Tabo isiyo na fungu inageuka tabu upesi.

Tatu, ukaguzi kabla ya kununua

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti na ushike paipu ya juu ya rejeta. Kukiwa na joto, ahirisha. Injini moto inaficha nusu ya magonjwa yake.

Fungua rejeta ikiwa baridi. Maji yawe na rangi ya kulanti, kijani, nyekundu au bluu, bila kutu wala mafuta juu. Maji ya bomba yenye rangi ya chai ni dalili kwamba mifereji ya ndani imeanza kuziba. Tazama na kifuniko cha oili kwa ndani: utando mweupe kama uji wa sembe unaonyesha maji yamechanganyika na oili. Chomoa kijiti cha oili, inuse. Ikinuka petroli, kuna nozeli inayovuja au injini inayowasha vibaya.

Sasa funguo hatua moja, usiwashe. Taa ya injini na ya oili lazima ziwake kwenye dashibodi. Zisipowaka, mtu amezitoa balbu, na hakufanya hivyo kwa kukosa kazi. Washa. Taa ya oili izime ndani ya sekunde mbili tatu. Mwenzako asimame nyuma.

Moshi wa bluu unaotoka sekunde chache asubuhi kisha ukapotea ni sili za vali. Hizo zinabadilishwa. Bluu inayotoka ukiwa unaendesha na kukanyaga ni ringi. Bluu inayotoka gari la tabo likikaa kwenye sailensi (linawaka bila kukanyagwa) dakika tano kisha ukakanyaga ni sili za tabo au bomba la kurudisha oili lililoziba. Moshi mweupe Tanga usidanganywe kwamba ni baridi ya asubuhi. Kwa joto la hapa mvuke unapaswa kukoma haraka, na ukiendelea baada ya injini kupata moto, tena una harufu ya utamu, ni maji yanayoungua, yaani gasketi ya hedi. Thibitisha kwa paipu ya juu ya rejeta: ikikakamaa kama fimbo dakika ya kwanza, maji yakiwa bado baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye njia ya maji.

Uliza thamostati ipo. Ugonjwa huu umeenea mno gereji za pwani: gari likichemsha, fundi anatoa thamostati na kusema amelitibu. Gari linaacha kuchemsha mjini, lakini barabara kuu injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi na kuongeza petroli, oili inabaki na maji. Chanzo cha kuchemsha, mara nyingi rejeta iliyoziba au feni iliyochoka, kipo pale pale. Thamostati nyingi za Toyota zinafunguka kwenye nyuzi 82. Geji ikibaki chini ya kawaida ukiwa mwendo wa 80, haipo.

Kompresheni, usiikwepe. Toa plagi zote. Chomoa fyuzi au rilei ya petroli na nyaya za koili. Kanyaga mafuta hadi chini, kisha zungusha kwa staata mara tano hadi saba kwa kila silinda, betri ikiwa na nguvu. Andika namba. 1JZ yenye tabo iliyo nzima inakaa karibu bar 11, chini ya 9 imechoka. Isiyo na tabo itasoma juu zaidi kwa sababu mgandamizo wake ni mkubwa. Lililo zito kuliko namba yenyewe ni tofauti kati ya silinda: isizidi bar 1. Silinda iliyo chini itie oili kama kijiko kimoja cha chai, pima tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, vali au gasketi. Kwa Subaru jaribio hilo la oili halitegemeki sana, silinda zimelala na oili inakimbilia upande mmoja.

Plagi ulizozitoa zipange kwa mpangilio wa silinda juu ya kitambaa cheupe. Hudhurungi ya mchanga ni afya. Nyeupe iliyovimba malengelenge, silinda hiyo inapata joto kupita kiasi. Ukiona vitone vidogo vinavyong'aa kama fedha kwenye kaure, hiyo ni alumini ya pistoni. Funga boneti, aga kwa heshima, ondoka.

Halafu tabo yenyewe. Injini imezimwa na imepoa. Legeza klipu ya paipu ya kuingizia hewa, uivute. Utaona gurudumu la mabapa. Lizungushe kwa kidole, lizunguke laini bila kukwaruza. Lisukume juu na chini: kucheza kidogo ni kawaida, kwa sababu oili haijajaa kwenye beringi, lakini ncha zisiguse ukuta. Livute mbele na nyuma: hapo kusiwe na mchezo unaousikia kidoleni. Ncha zilizoliwa zinasema gari limetembea bila eya klina, na barabara ya vumbi haimsamehi mtu wa namna hiyo. Pitisha kidole ndani ya paipu ya intakula. Utando wa oili ni kawaida. Ikitoka ya kujaza nusu kikombe, tabo inavujisha au injini inapumulia ndani kwa sababu ringi zimeisha.

1JZ-GTE za mwanzo, zenye tabo mbili, gurudumu lake la upande wa moshi ni la kauri. Zinadumu kwa presha ya kiwanda. Muuzaji akijisifu kwamba presha imepandishwa, hesabu tabo mpya kwenye bei, maana kauri hailegei kwanza ikakupa dalili, inapasuka mara moja.

Uvujaji wa hewa unapimwa kwa kifaa cha kutengeneza mwenyewe, na hakuna fundi mwenye kisingizio cha kukosa. Nunua kizibo cha bomba la plastiki la maji taka, inchi 3 kwa gari nyingi, toboa katikati, ingiza valvu ya tairi isiyo na tyubu. Kifunge kwa klipu mdomoni mwa paipu ya tabo, baada ya sensa ya hewa kama gari linayo. Peleka pipa la hewa la fundi pancha lenye kidhibiti, jaza taratibu hadi bar 0.3, sikiliza, kisha 0.7, usizidi. Simama pembeni ya kizibo, kamwe usisimame mbele yake. Pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kila klipu, kingo za intakula. Povu linapochemka ndipo presha yako inapopotelea. Sauti ya hewa ikitokea kwenye kijiti cha oili usishtuke sana, kuna vali iliyo wazi na hewa inapita kwenye ringi kidogo. Ikivuma ni jambo jingine.

Mwisho wa ukaguzi ni barabarani. Endesha angalau kilomita 10 injini ipate moto, oili nayo. Ukishavuka Muheza, sehemu iliyo wazi nje ya kijiji, weka gia ya pili kwenye mizunguko 2,000 na ukanyage hadi 5,000. Gari la tabo lichanganye kwa mfululizo, geji ipande bila kurukaruka na itulie. Ikipanda kisha ikaporomoka, kuna paipu inayofumuka au westigeti (vali inayopunguza moshi unaoizungusha tabo) isiyofunga. Kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa, kama Subaru, uvujaji baada ya sensa unaleta moshi mweusi, kwa kuwa kompyuta inatia petroli ya hewa ambayo haikufika. 1JZ inasoma presha ndani ya manifodi (njia ya hewa inayoingia silinda), kwa hiyo ikivuja haitoi moshi mweusi, inakuwa mvivu tu. Isiyo na tabo ipeleke karibu na mstari mwekundu mara moja, ikiwa moto. Altezza isiyovuka 6,000 kwa hamu ina tatizo la vali za VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka), petroli hafifu au eksozi iliyoziba.

Nne, wiki ya kwanza baada ya kununua

Usiamini neno la mtu kuhusu sevisi. Mwaga oili yote, weka mpya na filta yake: lita 4 hadi 5 na nusu kutegemea injini, 5W-40 au 10W-40 ya sinthetiki kwa joto letu. Tangu hapo, gari la tabo kilomita 5,000 zikifika mwaga tena, hata kama kopo limeandika 10,000. Isiyo na tabo inaweza kufika 7,500 kama haikimbizwi. Kijiti kitazamwe kila kilomita 1,000 kwa zote mbili, kwani injini za mizunguko mikubwa zinakula oili bila kutoa moshi wa kuonekana.

Kulanti: changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, ya pampu ya kisima yana chumvi. Kifuniko cha rejeta kibadilishwe, ni kitu cha bei ndogo na ndicho kinachoshika presha inayozuia maji yasichemke. Weka thamostati mpya. Rudisha plastiki za kuelekeza upepo kwenye rejeta, zile ambazo mafundi huzitupa kwa sababu zinawachelewesha. Bila hizo upepo unapita pembeni.

Plagi mpya: kwa tabo nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8, kwa isiyo na tabo 1.0 hadi 1.1, labda kitabu cha gari kiseme vingine. Nafasi kubwa kwenye tabo inafanya cheche izimwe na presha, gari linakatakata ukikanyaga na watu wanaanza kubadilisha koili bure. Paipu ndogo za vakyumu zilizokauka zibadilishe zote kwa mkupuo, mita 4 za silikoni zinatosha gari nyingi. Subaru kadhaa za tabo zina kichujio kidogo ndani ya boliti ya bomba la oili linalokwenda kwenye tabo. Kikiziba tabo inakufa kwa kiu huku injini ikiwa na oili tele. Kitoe ukisafishe au ukibadilishe. Mkanda wa taimingi usio na karatasi ya kuthibitisha ulibadilishwa lini, hesabu haujabadilishwa.

Petroli: soma ndani ya mlango wa tangi. Magari haya mengi yaliandikiwa petroli ya daraja la juu la Japani, inayouzwa ikiwa oktani 100. Hapa jaza ya oktani ya juu kabisa unayoipata, kwenye kituo chenye wateja wengi ambako tangi halikai na maji. Kompyuta itachelewesha cheche kuilinda injini, na utapoteza farasi kadhaa za kwenye karatasi.

Anayekaa karibu na bahari aoshe intakula na rejeta kwa maji ya kawaida ya presha ndogo kila mwezi, kutoka nyuma kwenda mbele. Chumvi inakula mapezi ya alumini, na vumbi la chokaa la Maweni likishikana na unyevu linakuwa kama plasta.

Tano, uendeshaji wa kila siku

Geji ya joto kwenye dashibodi inapima maji. Oili inachelewa nyuma yake kwa dakika tano hadi kumi. Kabla ya hapo usivuke mizunguko 3,000, na usiite presha kabisa.

Kuzima ndiko kunakoua tabo. Umepanda Mombo hadi Lushoto bila kupumzika, gurudumu la moshi limewaka kwa joto la mamia ya nyuzi, unaegesha na kuchomoa funguo. Pampu ya oili imesimama, oili iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuwa mkaa mgumu. Ukirudia miezi michache njia ya oili inaziba. Acha injini kwenye sailensi dakika moja hadi mbili, au endesha kilomita ya mwisho polepole, matokeo ni yale yale. Ukiteremka kutoka Lushoto mguu ukiwa hauko kwenye mafuta, tabo imepoa tayari, zima tu. Huko kwenye mteremko wasiwasi ni breki, tumia gia ya pili.

Usikanyage hadi chini gia ya juu kwenye mizunguko 1,500 ukiwa mlimani. Mchanganyiko unakaa muda mrefu kwenye joto na presha, unalipuka wenyewe kwenye pembe kabla ya moto wa plagi kufika. Unasikika kama kokoto ndani ya kopo. Mafundi wakisema injini imenoki wanamaanisha imekufa, beringi zimekwisha. Huku kugonga kwa kokoto kunatangulia, na kwenye tabo ni hatari zaidi kwa kuwa hewa ni nyingi: leo inagonga, mwezi ujao kingo za pistoni zinazoshika ringi zimevunjika. Shusha gia, punguza mguu.

Sita, ukitaka nguvu zaidi

Kwa isiyo na tabo, maneno ni machache. Heda nzuri (bomba za moshi zinazotoka kwenye injini), eksozi pana kiasi na eya klina inayovuta hewa ya nje vinaweza kukupa farasi watano hadi kumi. 3S-GE iliyokwisha kubanwa kiwandani haina akiba kubwa. Fedha hiyo ukiweka kwenye tairi, breki na shokomzoba, Altezza itakuwa na mwendo zaidi kwenye kona za Mombo kuliko yenye kelele.

Kwa tabo, kupandisha presha ni rahisi mno, na hapo ndipo watu wanapopotelea. Kutoka bar 0.7 hadi 0.9 ni kutoka 1.7 hadi 1.9 kwa jumla, hewa zaidi kwa asilimia 12. Petroli nayo lazima iongezeke kwa kiasi hicho, kwa pampu iliyozeeka na nozeli zilizochoka. Fuata mpangilio huu. Funga geji ya presha na geji pana ya kupima uwiano wa hewa na petroli. Pima kwanza hali ilivyo. Ukiwa umekanyaga hadi chini uwiano ukae kati ya 11.5 na 12 kwa 1. Ukiona 12.5 na kupanda, simama hapo hapo, silinda zinakosa petroli na joto linapanda. Pampu mpya, kisha pima nozeli. Intakula kubwa. Ndipo presha, kwa bar 0.1 kila mara, na kompyuta iliyopangwa upya na mtu mwenye vipimo. Vile vifaa vya kuidanganya kompyuta isikate petroli presha ikizidi, viache dukani. Kukata huko ndiko kunakoiokoa pistoni.

Kufunga tabo ya mtumba juu ya injini yenye mgandamizo wa 11.5 bila kubadilisha pistoni ni kazi ya waja leo waondoka leo. Itakwenda vizuri hadi siku ya kwanza ya joto na petroli mbovu.

Mwenye 1JZ-GE anayetaka tabo afadhali apate GTE nzima yenye waya zake, kompyuta, intakula, pampu ya petroli, bomba za oili na rejeta. Ahesabu pia klachi, difu na breki, kwa sababu Nm 378 zitatafuta kilicho dhaifu kuliko vyote. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ikibadilika irekebishwe TRA, na kampuni ya bima ijulishwe. Baada ya kilomita 500 za kwanza kaza tena klipu zote za paipu za hewa injini ikiwa baridi, na rudia lile jaribio la kizibo na sabuni.